Kusi inakula noti ngapi? Hesabu ya haraka ya mwendo wa meli kwenye upepo na mawimbi

Ajenti anapiga simu saa kumi alfajiri anataka kujua mnafika saa ngapi, wewe unaangalia karatasi, meli noti 12 (yani maili 12 za bahari kwa saa), njia tuseme maili 168, unamjibu masaa 14 tu bosi, halafu unatia nanga umechelewa masaa matano na vibarua wa kupakua wameshakaa wee mpaka wamechoka. Mimi yamenikuta mara mbili, Mombasa kushuka Dar, mwezi wa saba. Sikuhizi napiga hesabu kwanza, na kalkuleta ya simu inatosha.

Kabla ya yote toa mkondo wa bahari pembeni, maana hapa ndo wengi wanachanganya. Logi inapima meli inavyokata maji, jipiesi inapima ulivyosogea juu ya ardhi. Mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini na kusi ikivuma unazidi nguvu, kwa hiyo ukishuka kusini jipiesi ikisoma 8.7 na logi 10.7, hizo noti 2 kala mkondo, usimsingizie upepo. Upepo na mawimbi wanadaiwa ile tofauti ya 12 na 10.7 tu. Na kama chini ya meli kumeota magamba hujaipandisha meli kuisugua mwaka mzima, hilo nalo ni deni jingine, usiliandike kwa kusi.

Sasa upepo. Kinachosukuma omo (mbele ya meli) sio upepo peke yake, ni upepo pamoja na mwendo wako. Kusi ya noti 20 uso kwa uso na meli ya noti 12 unapata 32, na nguvu yake inakwenda kwa skwea, yani 32 gawa kwa 12 halafu zidisha yenyewe kwa yenyewe, unapata 7. Hewa inakukaba mara saba kuliko siku ya shwari! Ila usiogope, siku ya shwari hewa ilikuwa inakula kidogo sana. Kwa meli ya mizigo ya mita 100 yenye uso wa mbele kama mita za mraba 200, ongezeko linaweza kuwa kwenye asilimia 11 ya ukinzani wote, yani nguvu yote inayoizuia meli. Upepo ukigeuka ukaja wa tezi (nyuma ya meli), noti 20 zilezile toa 12 zako, unabaki na msukumo wa noti 8, usitegemee muujiza.

Mawimbi ndo yanakula haswa. Kimo nacho kinaenda kwa skwea, wimbi la mita 3 linakukaba mara nne ya wimbi la mita moja na nusu. Halafu kuna urefu wa wimbi, hiki watu hawakiangalii kabisa. Chukua sekunde za toka kilele mpaka kilele kwenye tarifa ya hali ya hewa (ukihesabu mwenyewe kwa saa toka kwenye meli inayokwenda utapata namba ya uongo), zidisha sekunde kwa sekunde kisha mara 1.56, unapata mita. Sekunde 8 ni mita 100, na meli yako ni mita 100, basi hapo umepatikana, omo inapanda inashuka kila wimbi na ndo ukinzani unapokuwa mkubwa kabisa. Meli ya mita 250 kwenye bahari hiyohiyo inapita inapiga miluzi.

Tuseme mawimbi yameongeza asilimia 30, jumlisha 11 ya upepo, ni 41. Injini ikibaki nguvu ileile, chukua 1.41, tafuta kipeuo cha tatu chake (namba ambayo ukiizidisha yenyewe mara tatu inaleta 1.41), unapata kama 1.12, gawa 12 kwa hiyo, unabaki na noti 10.7. Toa mkondo wa 2, ni 8.7, na maili 168 zinakuwa masaa 19 na dakika ishirini hivi. Hayo ndo masaa yangu matano.

Asilimia 30 naipata wapi? Kwenye daftari langu. Kila zamu naandika mizunguko ya injini, logi, kimo cha wimbi na linatokea upande gani, safari tano sita unaanza kuona meli yako inavyojibu, na meli tupu inajibu tofauti na iliyojaa.

Ila ukisikia propela inatoka nje ya maji injini inalia, au omo inapiga maji kishindo mpaka vikombe vinaruka mezani, funga kalkuleta, hapo nahodha atapunguza mwenyewe mpaka noti 6 na hakuna kipeuo cha tatu kitakachokwambia. Mpigie ajenti umwambie kesho mchana.