Turbo kwenye MX-5: anza na oili inayorudi

Juzi tumemaliza kufunga turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini, kwenye gari la kijana mmoja wa Shela, Shela ya hapa Malindi, si ile ya Lamu. Ni Mazda MX-5 ya 1994, injini BP ya cc 1839, aliyouziwa na Mtaliano aliyekuwa akihama. Paa la turubai limechakaa lakini injini nzima. Yeye kazi yote imemchukua siku kumi na moja. Mimi langu, la aina hiyo hiyo, lilinikalia wiki tatu zaidi ya nilivyopanga, na wiki hizo tatu zote zilikwenda kwa mpira mmoja wa kupitishia oili, wa urefu wa mkono. Kwa hiyo nitaandika hatua zote, lakini msishangae hatua ya tatu ikiwa ndefu kuliko nyingine zote.

Kushusha injini, kufungua waya na kumwaga maji sielezi. Kama hayo bado, turbo ingoje.

Hatua ya 1: Pima mbano

Injini iwe moto, plagi zote nje, throto wazi kabisa. Silinda nne zisipishane zaidi ya asilimia 10. BP ya MX-5 ya 1994 ina mbano wa 9.0 kwa 1, na haikutoka kiwandani na turbo, ingawa ndugu yake wa Mazda Familia GT-R alitoka nayo. Kwa konrodi za asili, vile vyuma vya kushikilia pistoni, mimi sivuki psi 8 za msukumo wa turbo. Anayetaka 15 afungue injini kwanza.

Hatua ya 2: Turbo

Chukua TD04 ya Subaru Forester. Zilizotumika kutoka Japani zinapatikana Mombasa na Nairobi, ni ndogo, huamka mapema, na zina njia ya maji ya kupooza beringi. Zile mpya za mtandaoni zisizo na jina, za bei ya kutupa, niliziacha zamani.

Ukiwa dukani shika shafti kwa vidole. Ikicheza kidogo kwenda pembeni si neno, hizi hukaa juu ya oili. Ikicheza ndani na nje, au mapanga yakigusa nyumba yake, rudisha.

Hatua ya 3: Njia ya oili kurudi, kabla ya kuchomelea chochote

Wengi huanza na manifoldi, yale mabomba ya kutoa moshi kwenye injini ambayo turbo hufungwa juu yake. Wanaichora, wanaichomelea, wanapachika turbo pale inapopendeza boneti likifunguliwa, halafu mwisho kabisa ndiyo wanauliza mpira wa oili utapita wapi. Nami nilifanya hivyo.

Elewa kwanza oili inavyofanya kazi humo ndani. Inaingia juu kwa presha ya pampu kupitia kijibomba chembamba. Inapita kwenye beringi za shafti inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inachanganyika na hewa, na inatoka chini ikiwa na povu kama maji ya kufulia. Ikishatoka hapo haina presha tena. Hakuna kinachoisukuma. Inaanguka tu kwa uzito wake mpaka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ikikuta mpira mwembamba, au umelala, au umebonyea katikati, inajaa, inapanda kwenye nyumba ya beringi na kutafuta pengine pa kutokea. Hapo pengine ni kwenye ekzosi.

Langu lilianza hivi. Siku ya kwanza nililipeleka njia ya Gongoni, likaenda vizuri ajabu. Kurudi, karibu na daraja la Sabaki, nikapunguza mwendo nyuma ya lori la chumvi. Dereva wa tuktuk aliyekuwa nyuma yangu akatoa kichwa: "Fundi, gari lafuka moshi!" Kioo kilijaa moshi wa bluu. Nikikanyaga mafuta unapotea, nikiachia likiwa moto unarudi.

Nikaambiwa sili zimekufa. Nikanunua seti ya ukarabati, nikafungua turbo, nikabadilisha. Moshi ule ule. Nikabadilisha tena kwa seti ya duka jingine. Moshi ule ule. Hapa niseme jambo ambalo lingeniokolea pesa: sili za turbo si za mpira kama za kranki, ile shafti kuu ya injini. Ni vipete vya chuma, mfano wa ringi za pistoni, na kazi yao kubwa ni kuzuia gesi isiingie kwenye beringi. Oili ikijaa humo ndani, hata vipete vipya haviizuii. Kwa hiyo turbo ikitoa moshi, tazama njia ya kurudi kabla ya kumlaumu aliyekuuzia.

Niliitazama. Ndiyo iliyoniumiza kichwa. Kila nikiinama chini ya gari nauona mpira umeteremka sawasawa kutoka turbo kwenda sampu. Nikamimina oili, ikashuka bila kusita. Nikaufuta kwenye orodha.

Aliyeliona tatizo ni mzee mmoja fundi wa mashine za maboti, aliyepita kuazima spana ya namba 22. Alichutama, akatazama mpira, akatazama stendi nilizoinulia gari mbele, akauliza: "Kwani hili hutembea hivi, limeinua pua?"

Nikacheka, halafu nikanyamaza. Gari langu lilikuwa juu ya stendi za mbele wiki nzima. Mpira ulitoka kwenye turbo ukaelekea nyuma, na kwa kuwa pua ilikuwa juu, nyuma kulikuwa bondeni. Tuliposhusha gari, akachukua chupa ya soda yenye oili, akaimimina taratibu pale juu. Ikashuka robo, ikatulia, ikaanza kugugumia, ikarudi juu. Katikati ya mpira palikuwa na tumbo la kina cha vidole viwili. "Boti likishika kasi huinua pua," akaniambia, "kwa hiyo sie hupima mara mbili, likiwa limelala na likiwa limeinuka." Akaichukua spana yake, akaenda zake. Mpaka leo hajairudisha.

Sasa, kanuni zangu za njia ya kurudi:

Gari liwe chini, kwa magurudumu yake manne, sakafu iwe sawa. Injini iwe imekaa kwenye mpira zake, si kwenye kamba ya winchi. Kisha pima tena pua ikiwa juu na ikiwa chini, maana barabara za huku si meza.

Tundu la kutolea oili litazame chini. Mimi sikubali liiname zaidi ya nyuzi 15. TD04 unaweza kuizungusha: legeza kibano cha upande wa ekzosi na klipu kubwa ya duara ya upande wa hewa, geuza kiini mpaka tundu litazame ardhi, kaza. Ukimaliza, angalia mkono wa westigeti, kile kilango cha kupunguza msukumo wa turbo, haujapinda kwa kuhamishwa.

Kipenyo cha ndani kisipungue milimita 13. Natumia 16. Mtu akikwambia 10 yatosha kwa kuwa bomba la kuingizia ni la 4, mkumbushe povu.

Mpira uteremke mwanzo hadi mwisho, hata kama utalazimika kuinua turbo na kuhangaika na boneti. Usiwe na tumbo, wala sehemu iliyolala. Kona kali fanya kwa bomba la chuma, si kwa kuukunja mpira.

Uingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Ukiingia chini yake, oili iliyomo inaizuia inayokuja. Na usiuelekeze pale kranki inaporusha oili. Injini ikiwa nje ndiyo wakati wa kushusha sampu, kutoboa na kuchomelea kishingo, kwa sababu ikiwa ndani ya MX-5 utaikuta imezuiwa na fremu ya chini, na utatukana watu wasiohusika.

Mpira uwe wa oili ya moto. Wa rejeta unalainika kwa ndani na kuvimba. Nimeukata mmoja wa namna hiyo, tundu lilikuwa limebaki la kupitisha penseli.

Gasketi ya chini ya turbo iwe ya karatasi au chuma. Silikoni usipake. Tone likiminyika ndani litaziba njia uliyoihangaikia.

Na ukiwa umefanya yote hayo na moshi bado upo, tazama upumuaji wa injini. Gesi ikijaa ndani ya nyumba ya kranki inasukuma kwenda juu kwenye mpira huo huo. Injini ikiwa silensa, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, fungua mfuniko wa oili, vika mdomo wake glavu ya mpira. Ikivimba na kusimama kama mkono unaopunga, pumzi haina pa kutokea. Weka paipu pana la kupumulia na chupa ya kunasa oili, na vali ya kuzuia hewa ya turbo isirudi kwenye kranki.

Yakishatimia, funga turbo kwa waya mahali pake. Hapo ndipo pake. Vingine vyote vitaifuata.

Hatua ya 4: Manifoldi

Paipu za mvuke zenye ukuta wa milimita 3.5 hivi, flanji ya milimita 12. Chuma cha pua chembamba kinapendeza kwenye picha, kisha kinapasuka. Chomelea flanji ikiwa imefungwa kwa bolti kwenye kichwa cha silinda kibovu, na uiache ipoe ikiwa hapo hapo, la sivyo itajikunja kama papa wa kukaanga. Baadaye ipeleke ikasawazishwe uso. Bolti zote zipake grisi ya shaba. Huku upepo wenyewe una chumvi, na bolti usiyoipaka leo mwakani utaikata kwa grainda.

Hatua ya 5: Joto

Ngao ya bati la alumini kati ya turbo na chochote cha plastiki, mpira au breki, na uache nafasi ya sentimita moja au mbili hewa ipite. Tepu ya kuzungushia ekzosi sitaki kuiona pwani: inanyonya unyevu wenye chumvi, na chuma kinaoza ndani huku nje kukionekana kumevaa suti. Ukiosha chumba cha injini tumia maji ya mfereji, si ya kisima.

Hatua ya 6: Intakula na mabomba

Intakula, ile rejeta ya kupooza hewa ya turbo, ikae mbele ya rejeta ya maji, na feni zenye nguvu nyuma yake. Mabomba ya alumini, midomo iwe na ukingo ili mpira usichomoke. Klipu za bolti, si za bisibisi.

Hatua ya 7: Petroli na kompyuta

Kipimo cha hewa cha asili hakifai. Weka kompyuta inayosoma presha, kama MegaSquirt, injekta kubwa, plagi za baridi kwa daraja moja, na gaji ya mchanganyiko. Turbo ikisukuma nataka nione hewa kama 11.5 kwa petroli 1.

Ila sikilizeni hili. Kijana alitaka kulipeleka gari Nairobi kompyuta ikapangwe. Nairobi ipo mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ya kule ni kama kPa 83, huku kwetu ni 101. Psi 7 za turbo juu ya hewa ya Malindi ni mzigo ambao kompyuta haikuuona kule. Ukishuka nalo utaingia sehemu za ramani, lile jedwali la kompyuta la petroli na cheche, ambazo hakuna aliyezipima, tena mchana wa kaskazi. Kama fundi wako yuko Nairobi, mlipie nauli aje. Na apange saa saba mchana, si alfajiri.

Hatua ya 8: Kuwasha

Chomoa waya za injekta na koili. Ng'oa mpira wa kurudi upande wa sampu, weka mdomo wake kwenye kopo. Zungusha injini kwa starta, sekunde kumi kumi, upumzike katikati. Usiwashe mpaka oili imiminike kwenye kopo. Ya kijana ilichukua mizunguko minne. Rudisha mpira, rudisha waya, washa, liache silensa dakika kumi huku ukitazama viungo kwa tochi.

Tulikwenda nalo mpaka Mambrui na kurudi. Pale Sabaki nikamwambia asimame, aache silensa. Tukashuka, tukazunguka nyuma, tukakaa tukitazama ekzosi kama watu wanaosubiri chai ichemke. Hakukutoka kitu. Baada ya kilomita 100 alirudi tukakaza nati za manifoldi. Mbili zilikuwa zimelegea.