Faili la DLL halipo: mambo ya kuandaa kabla ya kwenda kwa mteja

Programu inagoma kufunguka, kinatokea kidirisha kinachosema faili fulani la DLL halipo, na chini yake ushauri wa kusakinisha programu upya. Mwenye duka la pembejeo kule Mbozi au mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi Makambako atakipiga picha kwa simu na kumtumia fundi aliyeko Mbeya mjini au Iringa. Picha hiyo ni nusu ya kazi, mradi isomeke. Kama fundi huyo ni wewe, kabla hamjaelewana bei na kabla hujapanda Coaster, hakikisha una jina la faili herufi kwa herufi. VCRUNTIME140.dll na VCRUNTIME140_1.dll ni mafaili mawili tofauti, na mashine inaweza kuwa na la kwanza ikakosa la pili. Uliza pia jina la programu, toleo la Windows, na kama ni ya biti 32 au 64. Mteja atayaona hayo ya Windows kwenye "Settings", sehemu ya "System", kisha "About".

DLL ni faili lenye kazi zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu nyingi huzitumia kwa pamoja. Programu inapoanza, Windows hulitafuta faili hilo kwanza kwenye folda ya programu yenyewe, kisha System32, baadaye folda ya Windows, na mwisho kwenye folda zilizoorodheshwa katika PATH, yaani orodha ya Windows ya mahali pa kutafutia. Likikosekana kote huko, programu haianzi. Wengi hukosea hapa: hulitafuta faili lenyewe, wakati kinachotakiwa ni kifurushi kilicholileta. Tovuti zinazogawa DLL mojamoja zina mafaili yasiyojulikana yametoka wapi, mara nyingi ya toleo lisilolingana, na mengine yana virusi. Hata likiwa safi, unaweka faili moja la kifurushi chenye mafaili mengi, kwa hiyo ukifungua tena programu italalamikia jingine.

Basi jifunze kusoma majina. MSVCP140.dll, VCRUNTIME140.dll na VCRUNTIME140_1.dll yote hutoka kwenye kifurushi cha Microsoft kiitwacho Visual C++ Redistributable cha 2015 hadi 2022. MSVCR120.dll ni ya kifurushi cha 2013, MSVCR110.dll ya 2012, MSVCR100.dll ya 2010. Vifurushi hivi havichukuliani nafasi. Kuwa na cha 2022 hakumsaidii anayekosa cha 2010. Jina likianza na d3dx9, kama d3dx9_43.dll, au likiwa XINPUT1_3.dll, hapo ni gemu, na dawa yake ni DirectX End-User Runtimes ya Juni 2010. Usidanganyike kwa sababu tu Windows 10 ina DirectX 12: mafaili haya ya zamani hayamo ndani yake. Jina refu kama api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll hutokea zaidi kwenye Windows 7, na hutibiwa kwa sasisho KB2999226, ambalo kwenye Windows 7 linadai SP1 (Service Pack 1) iwepo kwanza.

Flashi ijazwe ukiwa mjini penye mtandao mzuri, maana bando la simu Makete au milimani Rungwe si la kutegemea wakati mteja amesimama nyuma yako. Visual C++ ya 2015 hadi 2022 ya x64 (biti 64) ni kama MB 25 na ya x86 (biti 32) kama MB 13; DirectX ya Juni 2010 ni kama MB 95. Ongeza Visual C++ za 2008, 2010, 2012 na 2013, kila moja kwa x86 na x64. Vyote pamoja havifiki hata GB 1. Kizito ni ISO ya Windows, yaani faili moja lenye diski nzima ya kusakinishia, ambayo kwa matoleo ya sasa huzidi GB 4, ndiyo maana flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 huikataa: FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4. Flashi ya GB 16 iliyofomatiwa kwa exFAT au NTFS inatosha. Pakua kutoka Microsoft moja kwa moja, kisha bofya kulia kila faili la setapu, fungua "Properties" na uangalie sahihi ya kidijitali. Isiyosainiwa na Microsoft Corporation, iache.

Suala la biti linahitaji utulivu kidogo, kwa sababu majina ya folda yamekaa kinyume na mtu anavyotarajia. Kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye ya biti 32. Aliyenakili DLL ya biti 32 akaitupa System32 hupata kosa jipya, 0xc000007b, na mteja huona umemharibia zaidi. Programu nyingi za mauzo na hesabu zilizoko madukani ni za biti 32 hata pale Windows ni ya 64, kwa hiyo x86 inatakiwa. Usibahatishe: kwenye Windows ya 64 sakinisha x86 na x64 zote mbili, kwenye ya 32 sakinisha x86 peke yake. Na regsvr32, amri ya kusajili DLL ambayo watu huipenda, haisaidii hapa, kwani DLL hizi hazihitaji kusajiliwa.

Kabla ya kusakinisha chochote, fungua historia ya antivairasi. Mara nyingi faili lilikuwepo na limewekwa karantini, hasa kwa gemu na programu zilizovunjwa leseni. Ukilikuta huko, usilirudishe kabla hujajua programu ilitoka wapi. Uliza pia kama programu ilinakiliwa kwa flashi kutoka kompyuta nyingine. Mtu akibeba faili la exe peke yake, DLL zake zimebaki alikotoka, na tiba ni setapu halisi.

Ikiwa kinacholalamika ni Windows yenyewe, pengine umeme ulikatika katikati ya sasisho. Hapo tumia amri za kukarabati Windows kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kwa haki za msimamizi. Anza na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow. DISM huvuta mafaili kwenye intaneti, kwa hiyo pasipo mtandao bofya ISO mara mbili, uone imepewa herufi gani, tuseme E, na uongeze mwishoni /Source:wim:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess. Ikiwa ndani kuna install.esd, badilisha wim zote mbili ziwe esd. Namba ya mwisho lazima ilingane na toleo la mteja, Home au Pro. Amri dism /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim itakuonyesha. ISO nayo iwe ya Windows ileile. Kazi hii huchukua muda, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS usiianzishe wakati radi zinapiga. Kuanzia Novemba hadi Aprili, Nyanda za Juu Kusini huwa na alasiri nyingi za namna hiyo, nenda asubuhi.

Kwenye Linux ujumbe huwa "error while loading shared libraries" ukifuatiwa na jina linaloishia na .so na namba. Andika ldd na njia ya programu. Mistari yenye "not found" ndiyo inayokosekana, na apt-file search itakutajia kifurushi. Kama faili lipo kwenye folda ya kawaida lakini halionekani, sudo ldconfig huweza kutosha. Usiunganishe libssl.so.3 kwa jina la libssl.so.1.1 ili kuidanganya programu. Itakwama mbele zaidi.

Ukimaliza, washa mashine upya na ufungue programu kwa akaunti ya mteja, si ya msimamizi. Ikitaja DLL nyingine, Windows imevuka ile ya kwanza. Rudi kwenye jina na utafute kifurushi chake vilevile.