Kupiga Picha za Sona katika Ghuba la Winam

Anayeshusha sona ya picha, yaani kifaa kinachotuma sauti majini na kuchora picha kutokana na mwangwi wake, karibu na Dunga, ufukwe wa ghuba hili la Ziwa Victoria jirani na Kisumu, kwa mara ya kwanza, pengine kutafuta wavu uliozama, kwa kawaida huhofia rangi ya maji. Tope linaloletwa na mto Nyando huzuia macho ya mpiga mbizi na kamera, lakini sauti hulipenya bila taabu kubwa. Wasumbufu halisi ni hewa na joto.

Kwa hiyo toka alfajiri. Upepo wa alasiri huinua mawimbi, nayo huingiza majini viputo vya hewa ambavyo, hata viwe vidogo namna gani, hurudisha sauti kwa nguvu na kutandaza ukungu juu ya picha. Viputo vya panga la injini hufanya vivyo hivyo. Usipite mahali ulipotoka kupita kabla havijatulia. Isitoshe, mashua ikiyumba, kamba iliyonyooka hutokea kwenye kioo imepinda kama nyoka.

Kabla ya kurekodi, teremsha kipimajoto mita moja baada ya nyingine hadi chini. Katika maji matamu yenye nyuzijoto 25, sauti husafiri takriban mita 1,497 kwa sekunde, na kasi hiyo huongezeka kwa karibu mita 3 kila joto linapopanda nyuzi moja. Ukiacha kifaa kwenye kasi ya baharini, tuseme mita 1,530, kitu kilicho umbali wa mita 30 kitaonyeshwa mbali zaidi ya kilipo, kwa zaidi ya nusu mita. Kosa hilo husahihishwa kwa kubonyeza tu. Lisilosahihishwa hivyo ni lile la siku ya jua kali isiyo na upepo, ambapo maji ya juu hupata joto kuliko ya chini na sauti hupinda kuelekea kwenye baridi, hivyo kingo za picha zikapotoka. Hapo shusha kichwa cha sona (sehemu inayotuma na kupokea sauti) chini ya tabaka la joto, au punguza umbali unaopimwa.

Kuhusu masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, ukiyaongeza maradufu, maji matamu huifyonza sauti mara nne zaidi. Kilohezi 900 hutoa picha kali ya karibu, na 450 hufika mbali. Kwa maoni yangu, katika ghuba lenye kina kifupi kama hili, chagua ya juu. Kichwa hutakiwa kuwa juu ya sakafu kwa asilimia 10 hadi 20 ya umbali unaopimwa, yaani mita 3 hadi 6 kwa umbali wa mita 30, na mara nyingi kina chenyewe hakiruhusu zaidi.

Jiepushe na magugumaji, kwa kuwa mashina yake yamejaa hewa. Samaki nao wana vifuko vya hewa tumboni, na kundi lao huweza kuonekana kama kitu kilicholala chini. Ukitilia shaka alama yoyote, pita tena kutoka upande wa pili: samaki watakuwa wamehama, ilhali wavu utakuwa palepale.