Mchezo wa kubahatisha neno kwa jukwaa la wanakijiji wa mtandaoni, Kisumu

Anza na orodha mbili za maneno ya herufi tano. Ya kwanza ni ya majibu: maneno 300 yanatosha kwa miezi kumi ya neno moja kwa siku. Weka nomino na vivumishi vinavyojulikana sokoni Kibuye na stendi ya matatu: omena, ngege na mbuta (samaki wa ziwani), chapa. Ya pili, ndefu zaidi, ni ya makisio, na humo vitenzi kama "akala" viruhusiwe, la sivyo wachezaji watalalamika kila asubuhi.

Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo nafasi ya tano ni rahisi mno. Toa makisio matano, si sita kama Wordle ya Kiingereza. Maneno yenye ng' yaache nje. Kila simu ina ritifaa yake, na seva (kompyuta inayoendesha mchezo) itayaona kuwa tofauti.

Panapoharibika zaidi ni kwenye rangi: kijani ni herufi iliyo mahali pake, njano ni iliyomo katika jibu lakini mahali pengine, kijivu ni isiyokuwemo. Jibu ni "omena", mtu anaandika "ngege". E ya nafasi ya tatu ni kijani. E ya mwisho lazima iwe kijivu, maana jibu lina e moja tu. N ni njano. Pitia neno mara mbili: kwanza weka kijani na kufuta herufi hizo kwenye nakala ya jibu, kisha tafuta njano katika zilizobaki.

Ukaguzi ufanyike kwenye seva. Ukituma jibu kwenye simu, vijana watalichungulia. Seva nyingi hufuata saa ya UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), hivyo bila kuongeza saa tatu neno jipya litatoka saa tisa usiku.