Namna ya kukamata roho ya batu wakati unasema mbele yabo

Bandugu, kama bamekuomba useme mbele ya batu, ikuwe ku ndoa, ku kilio ao ku mukutano ya kartie, usingojee mikro ndiyo uanze kuzoeana nabo. Fika mapema, salimia bamama benye kukaa ku viti vya nyuma, uliza moja kama ametoka Birere ao Majengo, zile kartie za Goma, kama mvua ilimukuta mu njia. Ukisimama utaona sura tatu ine zenye unajua, zitakuchekea, na roho itatulia.

Neno ya kwanza ikuwe yenye kila mutu aliishi. Hapa Goma ukiuliza tu "ile mangaribi ya 22/5/2021, volkano ilipowaka, ulikimbia na nini mu mukono?" sale yote inanyamaza, kila mutu anaona tena mutoto ku mugongo, godoro, bido ya mayi. Apo na weye nyamaza, hesabu mupaka tano, baache bakumbuke. Batu mingi banaogopa ile kimya, banaijaza na maneno, na njo apo banapoteza batu.

Kifaransa kizito mbele ya bamama ya soko, kweli acha, sema Swahili yabo. Usiangalie bakubwa ba mbele peke yabo, angalia mutu moja mupaka sentensi iishe kisha uende ku upande ingine.

Na kama kura (umeme) inakatika, shuka kabisa, songea karibu yabo, endelea na sauti yako.