Karatasi ya Vipimo vya Macho: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaagiza Miwani

Kama una kisukari na sukari imekuwa ikipanda na kushuka wiki hizi, ahirisha kupimwa miwani. Sukari ikipanda, lenzi iliyo ndani ya jicho hubadilika, na namba utakazopewa leo zinaweza zisikufae sukari ikitulia. Ila uoni ukififia ghafla, hilo si suala la miwani tena. Muone daktari wa macho siku hiyohiyo. Anayevaa lenzi za kubandika amweleze mpimaji mapema, kwa kuwa huenda akatakiwa kukaa bila kuzivaa kwa muda kabla ya kipimo. Miwani ya zamani nenda nayo, hata kama imevunjika mkono.

Ukishapimwa, isome karatasi ukiwa bado mbele ya aliyeiandika. Mwandiko ukiwa na utata, ni yeye anayejua alimaanisha nini, dukani watakisia. OD au R ni jicho la kulia, OS au L ni la kushoto. Ukikuta 6/6 au 6/18, hizo si nguvu za lenzi: 6/18 maana yake ni kwamba ukiwa mita 6 unasoma herufi ambazo mwenye macho mazuri huzisoma akiwa mita 18. Mtu anayeagiza miwani kwa namba hizo pekee hajaleta kipimo.

Safu ya SPH ndiyo nguvu kuu ya lenzi. Hupimwa kwa dayopta na hupanda kwa hatua za 0.25. Hapa kagua alama kabla ya namba. Ya kutoa (−) ni ya asiyeona mbali, ya kujumlisha (+) ni ya yule ambaye taabu yake kubwa iko karibu. Gawa mita 1 kwa namba yenye alama ya kutoa, utapata mwisho wa uoni safi bila miwani: mwenye −2.00 huishia sentimita 50, mwenye −4.00 sentimita 25. Kwa hiyo kama karatasi inasema −4.00 nawe unasoma bango lililo ng'ambo ya barabara bila miwani, kuna kitu kimeandikwa vibaya. Sifuri huandikwa 0.00 au PL. Wapo wanaoacha nukta, −1.25 ikawa −125; omba nukta iwekwe.

CYL na AXIS huenda pamoja. CYL ni kwa jicho ambalo konea yake (kioo cha mbele cha jicho) haikupinda sawasawa pande zote, likafanana na mgongo wa kijiko kuliko mpira. AXIS, kuanzia 1 hadi 180, ni upande ambao nguvu hiyo inalazwa. CYL isiyo na AXIS haitengenezeki, basi usiondoke nayo. Alama ya nyuzi nayo ni bora isiandikwe: 5 yenye kiduara husomeka 50. Na kosa la AXIS si dogo. Lenzi ikizungushwa nyuzi 10 tu nje ya mahali pake, takriban theluthi ya hitilafu uliyokuja nayo hubaki palepale. Zikifika 30, ni kana kwamba hukurekebishwa kabisa.

Watu wengi hushtuka wakipima sehemu mbili na kupewa namba tofauti, wakadhani mmoja kakosea. Si lazima. Kuna wanaoandika CYL kwa alama ya kutoa na wengine kwa ya kujumlisha. Kugeuza mtindo mmoja kuwa mwingine, jumlisha SPH na CYL upate SPH mpya, geuza alama ya CYL, kisha ongeza 90 kwenye AXIS, au punguza 90 ikiwa imezidi 90. Hivyo −2.00 +1.00 × 90 na −1.00 −1.00 × 180 ni lenzi moja (SPH, CYL, kisha AXIS baada ya ×).

ADD ni nguvu ya kusomea, inayoanza kuhitajika karibu na umri wa miaka 40, na hujumlishwa juu ya SPH. Mwenye SPH −1.00 na ADD +2.00 atasomea +1.00. Mwenye SPH +1.00 na ADD hiyohiyo atasomea +3.00. Ndiyo maana kununua miwani ya +2.00 ya barabarani eti kwa kuwa karatasi imeandika ADD +2.00 huwaumiza wengi kichwa.

Namba inayosahaulika mara nyingi ni PD, umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Watu wazima wengi wako kati ya 54 na 74. Isipokuwepo, omba upimwe kabla ya kulipa. Lenzi ya −4.00 ikikosewa katikati yake kwa milimita 5, inaleta prizimu ya 2 (mwanga hupindishwa na picha husogea pembeni), na macho huanza kuvutana: kizunguzungu, uchovu, maandishi kuonekana mawili. Kwa miwani ya kuonea mbali na karibu isiyo na mstari, dai kila jicho lipimwe peke yake, mathalani 31 na 33, pamoja na kimo cha mboni ndani ya fremu uliyoichagua. Namba zako zikiwa kubwa upande wa kutoa, chagua fremu ndogo, maana kingo za lenzi hunenepa kadiri fremu inavyopanuka.

Siku ya kuichukua, kabla hujamalizia salio, ishike miwani mbali na uso, tazama herufi kupitia lenzi moja na uisogeze taratibu kushoto na kulia. Picha ikiifuata lenzi, ni ya kutoa. Ikienda kinyume chake, ni ya kujumlisha. Kisha iombe karatasi yako na uwaambie wazipime lenzi kwa mashine yao mbele yako, jicho kwa jicho. Sakafu kuonekana imeinama siku za mwanzo ni kawaida, hasa CYL ikiwa mpya. Ikipita wiki mbili bado imeinama, rudi na karatasi ileile.