Kuingia Notre-Dame ya Paris: ni bure, ila jipange

Kuingia Kanisa Kuu la Notre-Dame hakulipiwi. Lilipofunguliwa tena Desemba 2024, baada ya moto wa Aprili 15, 2019, utaratibu huo haukubadilika. Kwa hiyo ukikuta mtandaoni mtu anauza "tiketi ya kanisa", mwache. Pengine anakuuzia huduma ya mwongozaji tu, na mlango uko wazi hata bila yeye.

Kwa wanaoishi Uingereza, jambo la kwanza ni viza. Kibali cha ukaazi cha Uingereza hakikuingizi Ufaransa: mwenye pasipoti ya Kenya, Uganda au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, yaani ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo. Aliye na kibali cha ukaazi cha Ujerumani au Uholanzi haihitaji, mradi abebe kibali chenyewe pamoja na pasipoti. Nakala kwenye simu haitoshi.

Nafasi ya kuingia huwekwa bure kwenye tovuti rasmi ya kanisa. Hufunguliwa karibu sana na tarehe, siku 2 tu mbele, kwa hiyo usihangaike kuitafuta mwezi mzima kabla. Ukizikosa, nenda tu. Kuna foleni ya wasio na nafasi. Angalia saa vizuri: 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Anayeandika kichwani "saa mbili na nusu usiku" atakuta zamu yake imeshapita. Alhamisi kanisa hufungwa saa nne usiku, na jioni hiyo inamfaa asiyependa msongamano. Shuka metro ya laini 4, kituo cha Cité.

Begi la safari liache hotelini au kituo cha treni. Mizigo mikubwa hairuhusiwi na ndani hakuna pa kuihifadhi, kwa hiyo anayefika moja kwa moja kutoka kwenye treni hugeuzwa mlangoni.

Minara ni habari nyingine kabisa: ina mlango wake, tiketi ya kulipia inayokatwa mapema, na ngazi 424 bila lifti. Mwenye matatizo ya magoti au moyo asijaribu.

Ndani, usikimbilie mbele. Simama pale mikono miwili ya kanisa inapokutana na sehemu ya katikati, kisha tazama juu: ndipo mnara mwembamba ulipoanguka siku ya moto na kutoboa dari ya mawe. Weupe wa mawe huwashangaza wengi, lakini si rangi mpya. Ni masizi na vumbi la karne nyingi vilivyoondolewa. Kwenye nguzo iliyo karibu na hapo yupo Bikira Maria amembeba Mtoto, sanamu ya karne ya 14 iliyosalimika.

Sasa geukia dirisha kubwa la duara la kaskazini, lenye upana wa karibu mita 13. Vioo vyake vingi ni vilevile vya karne ya 13, na buluu yake imekolea hadi inakaribia zambarau. Kwa kuwa upande huo haupigwi na jua moja kwa moja, rangi hukaa tulivu mchana kutwa. La kusini linahitaji jua la adhuhuri ndipo liwake. Picha ruksa, bila flashi; misa ikianza, shusha simu, na ukitaka kusali kaa tu na waumini.